Sindano ya sikio isichukue nafasi ya inhela yako

Ndugu msomaji, kama una mzio, au unalea mtoto mwenye mzio, bila shaka umekwisha kupewa ushauri wa kila namna. Kunywa asali. Jifukize. Acha mayai. Hama nyumba yenye vumbi. Na siku hizi huenda kuna mtu amekuambia jambo jingine: nenda ukachomwe sindano ndogo sikioni, vikao vichache tu, mzio utakwisha na dawa zako utazitupa.

Ushauri huu unavutia kwa sababu unamfikia mtu aliyechoka. Anayepiga chafya thelathini kila asubuhi, anayejikuna usiku mpaka shuka linatapakaa damu, au mzazi anayemsikiliza mtoto akikoroma kifua saa nane za usiku, hana subira ya hotuba. Anataka nafuu. Ndiyo maana wiki hii tunaijadili tiba ya sindano za sikio kwa uzito unaostahili, bila kuibeza na bila kuipamba.

Msimamo wa safu hii tunautaja mapema. Kama una mafua ya mzio yanayokusumbua, na umempata mtaalamu aliyesajiliwa anayetumia sindano safi, hatuoni sababu ya kukukataza kujaribu sindano za sikioni ukiwa bado unaendelea na tiba yako. Lakini mtu yeyote asitumie sikio lako kukuambia una mzio wa kitu gani, asikutangazie kuwa umepona, na asikuachishe dawa ya pumu. Hayo matatu ndiyo yanayoweza kuua mtu.

Mzio ni nini hasa

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo mkanganyiko mwingi unapozaliwa. Neno la kitaalamu la mzio, ambalo wengi wetu tunalitamka “aleji”, lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet. Mzio ni kosa la kinga ya mwili. Askari wa mwili anakutana na kitu kisicho na madhara kwa watu wengine, tuseme vumbi la nyumbani, chavua ya maua, karanga, kamba wa baharini au sumu ya nyuki, naye anakichukulia kama adui. Mwili hutengeneza kingamwili za aina iitwayo IgE, ambazo wanasayansi walizitambua katika miaka ya 1960. Kingamwili hizo hujishikiza kwenye seli zilizojaa kemikali ya histamini. Kitu kile kikirudi tena, seli humwaga histamini. Ikimwagika puani, unapiga chafya na kamasi inatiririka. Ikiwa machoni, yanawasha na kuwa mekundu. Kwenye ngozi, unavimba na kujikuna. Katika njia za hewa, kifua kinabana. Ikimwagika mwili mzima kwa pamoja, shinikizo la damu huporomoka, koo huvimba, na mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache.

Kuna hali nyingine ambayo watu huiita mzio lakini sivyo ilivyo. Mtu anakunywa maziwa, tumbo linajaa gesi, linasokota, anaharisha. Mara nyingi huyu ana upungufu wa kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Ni hali ya kawaida kwa watu wazima wengi duniani, ingawa katika jamii za wafugaji wapo wengi wanaoyamudu maziwa vizuri. Hiyo ni kutostahimili chakula. Inakera, lakini haimsababishii mtu kuziba koo. Kuwashwa kwa sababu ya sabuni kali, au kukohoa kwa moshi wa kuni na mkaa, nako si lazima kuwe mzio. Mara nyingi ngozi au mapafu yamekwaruzwa tu.

Tofauti hii ina maana kubwa. Anayejaa gesi kwa maziwa anaweza kujaribu kikombe kidogo na asidhurike. Mwenye mzio wa kweli wa karanga akijaribu punje chache anaweza asiione jioni. Mtu anayewachanganya wawili hawa na kuwapa tiba moja, hata awe mpole na msikivu kiasi gani, anacheza na maisha ya wa pili.

Tiba hii ilikotoka

Wengi wanadhani sindano za sikio ni elimu ya kale ya China ya maelfu ya miaka. Ni kweli Wachina wamechoma sindano mwilini tangu zamani, na vitabu vyao vya kale vinataja sikio. Lakini ramani ya sikio inayotumika leo, ile inayoonyesha kila kiungo cha mwili na nukta yake sikioni, ilizaliwa Ufaransa katika miaka ya 1950.

Daktari mmoja wa mji wa Lyon, Paul Nogier, aliona wagonjwa kadhaa wenye kovu dogo la kuunguzwa sikioni. Walikuwa wameunguzwa na mponyaji wa kienyeji ili kutibu maumivu ya mshipa wa nyonga, nao wakasema walipata nafuu. Nogier akaanza kuchunguza, akachora sikio kama mtoto aliyepinduka tumboni mwa mama: kichwa kwenye ndewe, mgongo ukifuata ukingo wa sikio, miguu juu. Aliwasilisha mawazo yake mwaka 1956, yakachapishwa Ujerumani mwaka 1957, na muda mfupi baadaye yakafika China, ambako yalipokelewa na kuongezewa nukta nyingine.

Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Lyon ili kukubaliana majina ya nukta za sikio. Ukisikia mtu anasema “tiba hii imeidhinishwa na Shirika la Afya Duniani”, mara nyingi ndicho anachokiegemea. Kikao kile kilisawazisha majina ili watafiti waelewane. Kukubaliana jina la nukta ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba nukta hiyo inaponya ugonjwa ni jambo jingine. Mpaka leo ramani ya Kifaransa na ile ya Kichina hazilingani kila mahali kuhusu nukta ya kiungo fulani ilipo.

Hapa kwetu sindano za Kichina si ngeni. Madaktari wa China walianza kuja Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na wagonjwa wa Unguja na Pemba wamewazoea katika hospitali za Mnazi Mmoja na Abdulla Mzee. Hivyo mtu anayeona sindano sikioni hashangai sana. Mazoea hayo ni mazuri, ila yasitufanye tuache kuuliza maswali.

Inavyofanyika

Mtaalamu hutumia sindano nyembamba mno, akachoma nukta chache sikioni na kuziacha kwa dakika ishirini au thelathini hivi. Wengine hutumia visindano vidogo vinavyobaki sikioni kwa siku kadhaa chini ya plasta. Wengine hawachomi kabisa. Hubandika mbegu ndogo ngumu kwa plasta, na mgonjwa huziminya mwenyewe mara kadhaa kwa siku. Wapo pia wanaotumia umeme mdogo au mwanga wa leza.

Kwa mzio, nukta inayotajwa sana ni ile ya ncha ya juu ya sikio, unapolikunja kuelekea mbele. Wataalamu wengi huiita nukta ya mzio. Baadhi huitoboa na kukamua matone machache ya damu. Huongeza nukta wanazozihusisha na pua, mapafu na tezi za juu ya figo.

Je, kuna njia yoyote ambayo sikio linaweza kuzungumza na mwili? Ipo moja tunayoijua vizuri. Tawi dogo la neva ya vagasi, ile neva ndefu inayoshuka mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo, hufika sikioni. Ndiyo sababu baadhi ya watu hukohoa wanaposafisha tundu la sikio kwa pamba. Watafiti wanachunguza kama kuichokoza neva hiyo kunaweza kutuliza mwili kwa namna fulani. Lakini kutoka kwenye kikohozi hicho mpaka kusema kwamba nukta moja ya ncha ya sikio inafuta kingamwili za karanga, kuna safari ndefu ambayo hakuna aliyeikamilisha.

Utafiti unasema nini

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu sindano na mafua ya mzio ulifanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2013. Ulihusu sindano za mwilini, si za sikioni peke yake, lakini unatufundisha namna ya kuupima mjadala wote. Wagonjwa 422 wenye mzio wa chavua waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilichomwa sindano za kweli. La pili lilichomwa sindano za uongo, yaani zisizo kwenye nukta sahihi na zisizozama. Makundi yote mawili yaliruhusiwa kumeza cetirizine, dawa ya kawaida ya mzio, yalipohitaji. La tatu lilitumia cetirizine tu. Matibabu yalikuwa vikao 12 katika wiki nane.

Baada ya wiki nane, waliochomwa sindano za kweli walikuwa na nafuu zaidi na walimeza dawa kidogo zaidi. Tofauti hiyo ilikuwa ya kweli kihesabu, lakini watafiti wenyewe walionya kwamba huenda ni ndogo mno kuleta maana katika maisha ya mgonjwa. Na ilipofika wiki ya 16, tofauti kati ya makundi ilikuwa imetoweka.

Kwa msingi wa tafiti za namna hii, mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2015 uliwaruhusu madaktari kumwelekeza kwenye akyupancha mgonjwa wa mafua ya mzio anayetaka tiba isiyo ya vidonge. Uliiweka kama hiari. Dawa ya kupulizia puani yenye steroidi, kwa wale ambao mafua yanaathiri maisha yao, uliiweka kama pendekezo lenye nguvu.

Kuhusu pumu, hali ni tofauti. Wachambuzi waliokusanya majaribio ya akyupancha kwa pumu sugu hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza. Na kuhusu mzio wa chakula, dawa au nyuki, yaani ile mizio inayoua kwa ghafla, hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba sindano ya sikio inaupunguza, sembuse kuuondoa.

“Lakini mimi nilipona”

Hapa msomaji mmoja atasema: mimi nilichomwa na chafya zikaisha. Tunamwamini. Hatusemi anadanganya, wala kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa kufikirika. Lakini tuangalie mambo matatu.

Kwanza, mzio wa pua hupanda na kushuka. Vumbi likipungua mvua zikianza, au maua yakimaliza kuchanua, pua hutulia hata bila tiba. Na watu huenda kutafuta tiba wakati hali imekuwa mbaya zaidi, kwa hiyo hatua inayofuata mara nyingi huwa ni kushuka.

Pili, mwili husikiliza matumaini. Mtu akilala kitandani mahali patulivu kwa nusu saa, akaulizwa maswali kwa upole, akaguswa, akaambiwa atapata nafuu, mwasho na msongo hupungua. Ndiyo maana watafiti huweka kundi la sindano za uongo, na ndiyo maana kundi hilo nalo huwa na wanaojisikia vizuri.

Tatu, kujisikia vizuri hakuthibitishi kwamba chanzo kimeondoka. Chafya zinaweza kupungua huku kingamwili za IgE zikiwa pale pale zimekaa mkao wa vita. Kwa mwenye mafua, hilo si tatizo kubwa. Kwa mwenye mzio wa karanga, hilo ndilo tatizo lenyewe.

Tuongeze mfano wa tiba ambayo kweli hubadilisha mzio. Mwaka 1911 mjini London, daktari Leonard Noon alieleza namna ya kuwadunga wagonjwa dozi ndogo za chavua na kuziongeza polepole mpaka mwili ukazoea. Tiba hiyo, ambayo imeboreshwa na inatumika mpaka leo, kwa kawaida huchukua miaka mitatu au zaidi, chini ya uangalizi wa daktari mwenye dawa ya dharura mezani. Kama njia hiyo inahitaji miaka mitatu, mtu anayekuahidi vikao vitatu ana deni kubwa la kukuonyesha ushahidi.

Mambo matatu ya kukataa

La kwanza ni kupimwa mzio kwa sikio. Wapo wataalamu wa tawi hili wanaokushika mapigo ya mkono huku wakikusogezea kichupa chenye unga wa chakula karibu na sikio, kisha wanakusomea orodha: ngano, maziwa, mayai, nyanya, samaki. Njia hii haina uthibitisho. Kipimo cha kweli cha mzio huanza na maelezo yako, yaani ulikula nini, baada ya dakika ngapi ukapata nini. Kisha hufuata kuchoma ngozi kidogo kwa tone la kitu kinachoshukiwa, au kupima IgE kwenye damu. Hata vipimo hivyo, bila maelezo ya mgonjwa, huweza kupotosha. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE mwaka 2011 iliwaagiza watumishi wa afya wasipime mzio wa chakula kwa mashine za Vega, kwa kupima nguvu za misuli wala kwa kuchunguza unywele. Kichupa na sikio ni ndugu wa ukoo huo.

Madhara yake kwa mtoto ni makubwa. Orodha ikishasomwa, mama anaondoa maziwa, mayai, dagaa na karanga, na kumbakishia mtoto uji mtupu. Miezi sita baadaye mtoto amedumaa kwa kunyimwa vyakula ambavyo huenda havikuwahi kumdhuru. Usimwondolee mtoto chakula cha kujenga mwili kwa sababu ya sikio lake. Muone daktari au mtaalamu wa lishe kwanza.

La pili ni kutangaziwa kwamba umepona. Kama uliwahi kuvimba midomo, kubanwa pumzi au kuzirai baada ya kula kitu, kuumwa na nyuki au kudungwa sindano ya penisilini, hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia ujaribu tena nyumbani. Kujaribu kunafanywa hospitali, hatua kwa hatua, dawa ya adrenalini ikiwa tayari. Ikitokea dharura, adrenalini inayodungwa kwenye msuli wa paja ndiyo dawa ya kwanza. Mlaze mgonjwa, mwinulie miguu, usimsimamishe wala kumtembeza, na umkimbize kituo cha afya kilicho karibu. Kama pumzi inambana, mwache aketi. Kumminya sikio ni kupoteza dakika ambazo hana.

La tatu ni kuachishwa dawa ya pumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 na kuua 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi au hautibiwi ipasavyo. Wengi wetu tunaijua inhela ya bluu, ile ya salbutamoli inayofungua kifua kwa haraka. Tusiyoizoea ni ya kinga, yenye steroidi, inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa na inayotakiwa kuvutwa hata siku unapojisikia mzima. Ndiyo ambayo watu huiacha haraka, kwa kuwa hawaoni kazi yake mara moja. Mgonjwa aliyeanza sindano za sikio, akajisikia mwepesi, akaiacha, anaweza kukaa wiki kadhaa bila tatizo. Kisha linakuja vumbi, au mafua ya kawaida, na uvimbe uliokuwa ukikua kimyakimya unaifunga njia ya hewa usiku. Ukitaka kupunguza dawa ya pumu, fanya hivyo na daktari anayekupima pumzi.

Sikio nalo linaumia

Watu husema sindano za sikio hazina madhara. Kwa mkono safi, madhara ni machache: maumivu kidogo, tone la damu, kizunguzungu. Lakini sehemu kubwa ya sikio la nje ni gegedu, na gegedu haina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando uliolifunika. Vijidudu vikiingia humo, hasa kupitia visindano vilivyoachwa kwa siku kadhaa, sikio huvimba, huwa jekundu na kuuma vibaya, na lisipotibiwa mapema linaweza kusinyaa na kuharibika umbo moja kwa moja. Mwenye kisukari, mwenye upungufu wa kinga, au mwenye tatizo la vali za moyo asikubali visindano vya kubaki sikioni kabla ya kuzungumza na daktari wake. Na sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kubeba homa ya ini na virusi vya ukimwi, iwe ndogo kiasi gani.

Kabla hujakaa kwenye kiti

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga, wataalamu na vituo. Una haki ya kuuliza. Muulize mtoa tiba: Umesajiliwa? Naomba kuona cheti. Sindano inafunguliwa mbele yangu na kutupwa mbele yangu? Nitalipa shilingi ngapi kwa vikao vyote, na tutajuaje kama haijasaidia? Je, unaniruhusu kuendelea na dawa zangu? Mtaalamu mwaminifu atayajibu bila kukasirika. Anayekujibu kwamba dawa za hospitali ndizo zinazoizuia tiba yake isifanye kazi, inuka uondoke, hata kama umeshalipa.

Na ukiamua kujaribu, weka daftari. Andika kila siku umepiga chafya kiasi gani, umelala vipi, umemeza dawa ngapi. Jipe wiki sita hadi nane. Kama hakuna kilichobadilika kwenye daftari, fedha hiyo ina kazi nyingine: shuka za kubadilisha na kufua kwa maji ya moto kila wiki, kufunika godoro, kuziba nyufa za mende, kuhamishia jiko la kuni nje. Hayo yanapunguza kwa kweli kile kinachouchokoza mwili.

Hospitali nazo zijiulize

Tungekuwa hatutendi haki kama lawama zote tungeziweka mlangoni kwa mtu wa sindano. Watu hawaikimbii hospitali bila sababu. Mgonjwa wa mzio hungoja asubuhi nzima, huonwa kwa dakika tatu, hupewa piritoni zile zile zinazomfanya asinzie kazini, na huondoka bila kuambiwa kwamba zipo dawa za mzio zisizolewesha usingizi. Hupewa krimu ya steroidi ya pumu ya ngozi bila kuelezwa ipakwe siku ngapi. Hununua matone ya kuzibua pua, akayatumia miezi mitatu, wala hakuna aliyemwonya kwamba yakizidi siku chache pua huziba zaidi. Hupewa inhela na hafundishwi namna ya kuivuta, dawa ikaishia kwenye ulimi. Kisha anakutana na mtu anayemsikiliza nusu saa nzima. Angeacha vipi kumwamini?

Kwa hiyo tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe inhela ya kinga na adrenalini havikosekani katika vituo vya chini, na kwamba kila anayepewa inhela anaonyeshwa kuivuta kabla hajatoka mlangoni. Tunaliomba Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwafuatilie wanaotangaza kuponya pumu na mizio ya kuua, na liweke wazi kwa wananchi orodha ya waliosajiliwa kufanya akyupancha. Na tunawaomba wataalamu wa sindano walio waaminifu, ambao wapo, wawe wa kwanza kumwambia mgonjwa: endelea na inhela yako.

Nawe, ndugu msomaji, leo kabla ya kulala fanya jambo moja. Kama nyumbani kwako kuna mwenye pumu, itafute inhela yake. Itikise, uangalie kama ina dawa na kama tarehe yake haijapita. Iweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo anaweza kuifikia gizani.